Methadoni, buprenofini au naltreksoni? Namna sheria za Marekani zinavyoamua dawa ipi utaifikia

Marekani ina dawa 3 zilizoidhinishwa kutibu uraibu wa opioidi, yaani heroini, fentanili na dawa kali za maumivu za jamii hiyo: methadoni, buprenofini na naltreksoni. Wataalamu huzitofautisha kwa kazi zinayoifanya kwenye ubongo. Anayetafuta tiba hukutana na tofauti nyingine kabla ya hiyo. Ya kwanza haipatikani ila kwenye kliniki maalumu. Ya pili karibu daktari yeyote anaweza kuiandika, lakini duka la dawa laweza kukurudisha mikono mitupu. Ya tatu sheria za dawa za kulevya haziigusi kabisa, ila yenyewe hukudai wiki nzima ya arosto, mateso ya mwili unapoikosa opioidi uliyoizoea, kabla hujaipata.

Kwa hiyo kulinganisha dawa na dawa hakutoshi. Dawa inayoufaa mwili wako lakini huwezi kuifikia Jumatatu hii, na Jumatatu ya mwezi ujao, haikusaidii kitu. Hapa tunalinganisha njia 4. Buprenofini tumeigawa mara mbili, ya chini ya ulimi na ya sindano, kwa kuwa kanuni na bima huzitendea kama dawa mbili tofauti.

Tutazipima kwa nini

Kila njia tutaiuliza mambo matano: nani anaruhusiwa kuitoa na wapi, kuanza kunadai nini, baada ya kuanza, wiki hadi wiki utabeba mzigo gani, ni wapi watu hukwama, na inamfaa nani.

Kuhusu nguvu ya dawa, neno moja tulimalize mapema. Methadoni na buprenofini zimethibitika kupunguza vifo kwa takribani nusu, mradi mtu anaendelea kuzitumia. Naltreksoni huwasaidia waliofanikiwa kuianza na kubaki nayo, lakini ushahidi wake upande wa kuzuia vifo haujafikia wa hizo mbili. Hilo lina uzito. Halimaanishi kwamba kila mtu atapita mlango mmoja.

Kufuli hizi zilitoka wapi

Mwaka 1914 sheria ya Harrison iliweka dawa za kulevya chini ya udhibiti wa serikali kuu, na mwaka 1919 Mahakama Kuu ikaamua kwamba daktari anayempa mraibu dawa ili asipate arosto hatibu. Madaktari walishitakiwa, wengine wakafungwa, na kwa miongo kadhaa fani nzima ikaukimbia ugonjwa huu. Methadoni ilipoonyesha matokeo mazuri New York katikati ya miaka ya 1960, serikali haikuirudisha kwa daktari wa kawaida. Kanuni za 1972 na sheria ya 1974 ziliifungia ndani ya kliniki zake, nje ya mfumo mwingine wa afya, na humo imebaki. Uingereza, Kanada na Australia mgonjwa huchukua methadoni duka la dawa, tena hunywa palepale kaunta. Kwa hiyo kliniki ya peke yake ni uamuzi wa sheria. Kemia ya dawa haiidai.

Buprenofini ilifunguliwa nusu. Sheria ya mwaka 2000 ilimruhusu daktari kuiandika ofisini kwake, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikaiidhinisha mwaka 2002. Lakini daktari alitakiwa kusoma saa 8, kuomba namba ya pekee ya usajili, na kutibu wagonjwa wasiozidi 30 mwaka wa kwanza. Baadaye ukomo ulipanda hadi 100, na mwaka 2016 hadi 275 kwa baadhi yao. Wauguzi wabobezi na madaktari wasaidizi walipokubaliwa mwaka huohuo, wao walidaiwa saa 24 za mafunzo. Linganisha na oksikodoni ya maumivu, iliyoandikwa bila kibali cha pekee na bila ukomo wa wagonjwa.

Tarehe 29 Desemba 2022 kibali hicho kilifutwa, na ukomo ukaondoka nacho. Kilichobaki ni mafunzo ya saa 8, mara moja tu, kwa karibu kila anayesajiliwa na DEA, wakala wa serikali kuu wa kudhibiti dawa za kulevya. Wengi walitarajia mafuriko ya wagonjwa. Hayakuja: waandikaji waliongezeka, lakini idadi ya wanaotibiwa haikuruka. Kufuli la serikali kuu lilipotoka, watu wakagundua kwamba mlango ulikuwa na komeo nyingine: sheria za majimbo, vibali vya bima, hofu ya wafamasia, na madaktari ambao kibali kilikuwa kisingizio chao tu.

Njia ya 1: Methadoni ya kliniki

*Nani anaitoa.* Methadoni ya uraibu haiandikwi kwenye cheti cha dawa. Daktari anaweza kukuandikia methadoni ya maumivu ya mgongo ukaichukue duka la mtaani. Daktari huyohuyo akiandika kwamba ni ya uraibu, amevunja sheria. Kidonge hakijabadilika, ila sababu yake. Ya uraibu hutolewa na kliniki iliyosajiliwa na DEA, iliyoidhinishwa na serikali kuu kupitia SAMHSA, wakala wake wa afya ya akili na uraibu, na yenye kibali cha jimbo. Hapo jimbo laweza kufunga kabisa: West Virginia ilizuia kliniki mpya mwaka 2007, na Wyoming ilikaa miaka mingi bila hata moja.

Kuna matundu mawili. Ukilazwa hospitali kwa ugonjwa mwingine, hospitali yaweza kukupa methadoni siku zote za kulazwa. Pia daktari wa dharura anaweza kukupa dozi za hadi siku 3 mkononi wakati unatafutiwa kliniki. Zamani ulilazimika kurudi kila siku kuchukua moja. Sasa kanuni inaruhusu zote 3 kwa mkupuo. Hutolewa hapohapo hospitalini, haziandikwi kwenye cheti. Madaktari wengi wa dharura hawaijui kanuni hii, kwa hiyo itaje kwa jina lake: kanuni ya saa 72.

*Kuanza.* Hapa methadoni inazishinda zote. Huhitaji kusubiri arosto ikukaze, kwa sababu haigombani na opioidi iliyomo mwilini. Kanuni zilizoanza kutumika 2 Aprili 2024 zimeondoa sharti la kuthibitisha mwaka mzima wa uraibu, na zinaruhusu uchunguzi wa kwanza ufanyike kwa video. Jumla ya siku ya kwanza sasa yaweza kufika miligramu 50, na zaidi ya hapo daktari aandike sababu.

Wagonjwa hulalamika kwamba dozi hupandishwa kwa mwendo wa konokono. Sababu ipo. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu: dozi ya leo huikuta nusu ya ya jana na masalia ya juzi. Aliyeona haimshiki siku ya 1 anaweza kuzidiwa siku ya 4 kwa dozi ileile. Wiki 2 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kifo, hasa mtu akichanganya na pombe au dawa za usingizi kama alprazolamu. Wengi hutulia kati ya miligramu 80 na 120 kwa siku, na waliozoea fentanili huweza kuhitaji zaidi. Hesabu basi wiki kadhaa kabla hujalala usiku mzima.

*Wiki hadi wiki.* Mzigo mkubwa uko hapa: safari. Kanuni za 2024 zinaruhusu dozi za kwenda nazo nyumbani za hadi siku 7 ndani ya siku 14 za kwanza, hadi 14 kuanzia siku ya 15, na hadi 28 kuanzia siku ya 31. Zamani ulisubiri miaka 2 kuzipata 28. Lakini hicho ni kiwango cha juu kinachoruhusiwa, wala si haki yako ya moja kwa moja. Jimbo laweza kubana zaidi, na kliniki yenyewe pia, na ziko zinazoendesha mambo kama zamani. Kabla hujajiandikisha uliza: "Mgonjwa anayekwenda vizuri hapa hupata dozi ngapi za nyumbani mwezi wa pili?" Jibu litakuambia mengi kuliko kijitabu chao.

Vipimo vya mkojo ni angalau 8 kwa mwaka. Ushauri nasaha lazima wautoe, lakini kanuni mpya inakataza kukunyima dawa kwa kuwa umeukataa. Dozi za nyumbani huhitaji kisanduku chenye kufuli, na si urasimu: kiasi kinachomtuliza mtu mzima humuua mtoto.

*Panapokwama.* Dirisha la dawa mara nyingi hufunguliwa alfajiri na kufungwa kabla ya mchana. Anayeingia kazini saa 12 asubuhi atachelewa siku moja, kisha ya pili. Ukikosa siku 3 mfululizo, kliniki nyingi hukupunguzia dozi kwa usalama, ukikosa zaidi unaanza karibu upya. Dawa nyingine nazo huingilia. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, na karbamazepini na fenitoini za kifafa huiondoa methadoni mwilini kwa kasi, na arosto hurudi ndani ya siku chache. Kliniki isipoambiwa, hudhani umerudia heroini. Moyo nao huchunguzwa, kwani dozi kubwa huweza kuvuruga mapigo. Ukisafiri ndani ya nchi, kliniki ya unakokwenda inaweza kukuhudumia kama mgeni, ila mipango ianze wiki 1 au 2 mapema.

*Inamfaa nani.* Aliyezoea fentanili nyingi, aliyejaribu buprenofini ikamshinda, asiyeweza kustahimili hata saa 12 za arosto, na anayeishi karibu na kliniki. Kuna pia wanaopenda kuonwa kila siku. Yule asiye na nyumba, ambaye vidonge vyake huibwa, dirisha la kliniki ndilo kabati lake.

Njia ya 2: Buprenofini ya chini ya ulimi

*Nani anaitoa.* Yeyote mwenye usajili wa DEA unaofika dawa za kundi la III (ngazi ya kati ya udhibiti), kama jimbo lake linamruhusu: daktari wa familia, wa dharura, wa wajawazito, muuguzi mbobezi. Namba ya pekee haipo tena. Daktari akikuambia "sina leseni ya dawa hiyo," huenda hana habari, au hataki. Kwa simu pia inawezekana: kanuni iliyotangazwa Januari 2025 inaruhusu kuanza kwa simu, hata ya sauti tupu, na kuendelea hadi miezi 6, baada ya mtoa huduma kukagua kumbukumbu za dawa za jimbo. Mfamasia ataomba kitambulisho.

*Kuanza.* Sheria ilipolegea, mwili haukulegea. Buprenofini hushika vipokezi vya opioidi vya ubongo kwa nguvu kuliko heroini au fentanili, lakini huviamsha nusunusu. Ukiitumia mapema huzing'oa opioidi zilizopo na kukutumbukiza kwenye arosto ya ghafla, mbaya kuliko ile ya kawaida. Aliyepitia mara moja huapa hatairudia dawa hiyo.

Utaratibu wa kawaida ni kusubiri saa 12 hadi 24 tangu opioidi ya muda mfupi, na siku kadhaa kama ni methadoni. Hata hivyo usiangalie saa peke yake, angalia dalili: miayo, jasho, mboni pana, malaika kusimama, tumbo kusokota. Madaktari huzipa alama na wengi husubiri zifike angalau 8, kwa wa fentanili zaidi. Kisha miligramu 2 hadi 4, kungoja saa 1 au 2, kuongeza, na mara nyingi kufika 8 siku ya kwanza na 16 ya pili. Fentanili imeharibu hesabu hii, kwani ukiitumia kila siku hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja taratibu. Ndiyo sababu madaktari wengine huanza kwa vipande vya nusu miligramu huku mgonjwa bado anatumia opioidi yake, wakipandisha kwa siku 5 hadi 7. Njia hii ni ya upole, ila inadai hesabu sahihi na mtu wa kumpigia simu.

Kuhusu kuiweka mdomoni: lowanisha kinywa, iweke chini ya ulimi, usimeze mate wala kuzungumza kwa dakika 5 hadi 10. Ukiimeza, ini huiharibu karibu yote, na wengi wanaosema "hainishiki" wamekuwa wakiimeza. Ikishayeyuka, sukutua kwa maji, lakini piga mswaki baada ya saa 1. FDA ilionya mwaka 2022 kwamba dawa hii huweza kuozesha meno.

*Wiki hadi wiki.* Cheti cha wiki 1 mwanzoni, baadaye mwezi. Kwa kuwa ni kundi la III, sheria inaruhusu cheti kimoja kurudiwa hadi mara 5 ndani ya miezi 6, ingawa madaktari wengi hawathubutu. Dozi ya kawaida ni miligramu 16 hadi 24. Kwa miaka mingi bima zililigeuza neno la lebo kuhusu 16 kuwa dari, na Desemba 2024 FDA ikataka lebo irekebishwe ili ieleweke kwamba 16 si kikomo. Bima yako ikikataa 24 au 32, daktari anukuu mabadiliko hayo kwenye rufaa.

*Panapokwama.* Duka la dawa. Hapa tukae kidogo, maana watu wengi hudhani wamekataliwa wao kama wao.

Duka hununua kwa msambazaji wa jumla, na msambazaji ana wajibu wa kuripoti DEA oda za dawa za kulevya zinazotia shaka. Mfumo wake huweka kizingiti kwa kila duka. Duka likipokea wagonjwa wengi wapya wa buprenofini, oda hupanda, kizingiti hugongwa, shehena husimamishwa. Mfamasia anayeogopa ukaguzi huamua kupunguza wagonjwa, tena huanza na "wenye dalili": anayelipa taslimu, aliyetoka mbali, mwenye cheti cha daktari wa mtandaoni, anayewahi siku 2 kabla. Ni dalili zilezile za mgonjwa wa kawaida wa kijijini asiye na bima.

Tatizo hili linapunguzwaje? Piga simu kabla cheti hakijatumwa. Uliza mambo 3: je, wanapokea wagonjwa wapya wa buprenofini, wana miligramu 8 za buprenofini na 2 za naloksoni (dawa inayozuia opioidi), iwe karatasi za kuyeyusha au vidonge, na wanakubali daktari asiye wa eneo hilo? Kama karatasi hakuna, daktari aandike vidonge; dawa ni ileile. Kama cheti kimeshatumwa na duka halina, usikubali kuambiwa "rudi kwa daktari": tangu Agosti 2023 DEA inaruhusu cheti cha kielektroniki ambacho hakijahudumiwa kihamishiwe duka jingine, mara moja tu, pale sheria ya jimbo isipokataza. Duka dogo la mtu binafsi wakati mwingine hukubali kukuwekea akiba ya kila mwezi wakikujua.

Komeo jingine ni jimbo. Tennessee, kwa mfano, inazuia kuandika buprenofini isiyo na naloksoni isipokuwa kwa wachache, wakiwemo wajawazito, wanaonyonyesha na wenye mzio wa naloksoni uliothibitishwa. Kuna majimbo na bima nyingine zinazodai ushauri nasaha au kibali cha awali. Siku 2 za kusubiri kibali zinatosha kumrudisha mtu mtaani, kwa hiyo mwombe daktari cheti cha siku 3 cha bei ya chini wakati kibali kinashughulikiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye kazi na familia, anayeishi mbali na kliniki, anayetaka tiba yake iwe sehemu ya daktari wake wa kawaida. Kwa usalama pia: kwa mtu aliyezoea opioidi, dozi ikizidi haizimi pumzi kirahisi kama methadoni, isipokuwa akichanganya na pombe au dawa za usingizi. Haimfai anayeishi na watu watakaomnyang'anya, wala anayesahau dozi.

Njia ya 3: Buprenofini ya sindano

*Nani anaitoa.* Mtoa huduma yuleyule wa Njia ya 2, lakini kituo chake lazima kisajiliwe kwenye mpango wa usalama wa dawa husika. Zipo mbili: Sublocade ya kila mwezi, iliyoidhinishwa mwaka 2017, na Brixadi ya wiki au ya mwezi, iliyoidhinishwa mwaka 2023. Hupewi mkononi kamwe. Ikiingia kwenye damu huganda na kuweza kuua, ndiyo maana mhudumu wa afya tu ndiye huichoma, chini ya ngozi.

*Kuanza.* Zamani Sublocade ilidai angalau siku 7 za dawa ya ulimi. Tangu Februari 2025 lebo inaruhusu kuchomwa siku hiyohiyo, baada ya dozi moja ya miligramu 4 na uangalizi wa saa 1. Kawaida ni miligramu 300 mara mbili, kisha 100 kila mwezi. Anayehitaji hubaki na 300. Brixadi nayo huanza baada ya dozi ya majaribio ya miligramu 4, na ina hatua nyingi za kupandisha: 8, 16, 24 na 32 za wiki, 64, 96 na 128 za mwezi.

*Wiki hadi wiki.* Hakuna. Hiyo ndiyo sifa yake. Hakuna duka la dawa, hakuna kidonge cha kuibiwa. Uvimbe mdogo hubaki chini ya ngozi wiki kadhaa. Usiuminye wala usiukwangue. Dawa hupungua taratibu sana, hivyo ukichelewa sindano ya mwezi kwa wiki 1 hupati arosto ghafla.

*Panapokwama.* Bima na ghala. Ni ghali, kwa hiyo kibali cha awali ni cha kawaida. Dawa huagizwa kwa jina la mgonjwa kutoka duka maalumu, na siku hupita ikisafiri. Mwombe daktari aagize mapema na akufunike kwa dawa ya ulimi hadi ifike. Sublocade hutakiwa jokofuni, Brixadi hapana, jambo linaloamua kama kituo kidogo cha kijijini kitaiweka.

*Inamfaa nani.* Anayetoka gerezani, asiye na makazi, dereva wa masafa, aliyechoshwa na mfamasia. Na asiyetaka mtu yeyote nyumbani kwake aone dawa.

Njia ya 4: Naltreksoni ya sindano

*Nani anaitoa.* Yeyote anayeruhusiwa kuandika dawa. Si opioidi, hailevyi, DEA haihusiki. Kwa sababu hiyo mahakama na magereza mengi yaliipenda kuliko nyingine, na wapo waliolazimishwa kuichagua. Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza Aprili 2022 kwamba kumkatisha mtu methadoni au buprenofini aliyoandikiwa kihalali kunaweza kuwa ubaguzi chini ya sheria ya watu wenye ulemavu. Ukiambiwa na afisa wa mahakama "chagua sindano hii au rudi ndani," wakili wako alijue hilo.

*Kuanza.* Mlango hauna mlinzi, ila una kizingiti kirefu: siku 7 hadi 10 bila opioidi yoyote, zaidi ukitoka methadoni. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha sindano hii na buprenofini ya ulimi, 28% ya waliopangiwa naltreksoni hawakufanikiwa hata kuanza, dhidi ya 6% upande wa pili. Waliofanikiwa kuanza walikwenda karibu sawa. Hapo sheria ilikuwa imefungua kabisa, na bado watu hawakuingia.

*Wiki hadi wiki.* Miligramu 380 kwenye msuli wa tako kila wiki 4. Kidonge cha miligramu 50 kipo, lakini kwa opioidi watu wengi hukiacha.

*Panapokwama.* Ukikosa sindano, ukuta huanguka na uvumilivu wa mwili umeshakwisha: dozi uliyokuwa ukitumia zamani sasa inaua. Ajali ikitokea, dawa za kawaida za maumivu hazitafanya kazi, hivyo beba kadi inayosema unatumia naltreksoni. Ini lipimwe kabla.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kukaa bila opioidi, kwa mfano baada ya kulazwa wiki kadhaa. Anayekunywa pombe kupita kiasi pia, kwani hutibu zote mbili. Na mwenye kazi isiyoruhusu opioidi ya aina yoyote.

Kulingana na hali yako

Uko kwenye arosto sasa na ni Jumamosi usiku: nenda chumba cha dharura cha hospitali. Wanaweza kukuanzishia buprenofini palepale na kukuandikia cheti, au kukupa methadoni ya siku 3. Uliza kabla ya kuondoka ni duka gani linalo dawa hiyo kesho Jumapili.

Unatumia fentanili nyingi kila siku na buprenofini ilishakutupa kwenye arosto ya ghafla: kama kliniki ya methadoni ipo ndani ya umbali unaouweza, ianze hiyo. Kama haipo, tafuta daktari anayeijua njia ya vipande vidogo.

Kliniki iko saa 2 kwa gari: buprenofini kwa simu, na duka la dawa ulilolipigia kwanza. Duka likikuyumbisha mara mbili, omba sindano.

Una mimba: methadoni au buprenofini, usiache ghafla. Sema una mimba kwenye simu ya kwanza, kwani wajawazito hupewa kipaumbele. Miezi 3 ya mwisho dozi mara nyingi hupandishwa au hugawanywa asubuhi na jioni. Naltreksoni kwa kawaida haianzwi kipindi hiki.

Unatibiwa kifua kikuu kwa rifampisini: daktari wa kifua na wa uraibu waongee kabla ya kidonge cha kwanza. Methadoni itahitaji kupandishwa, na rifampisini ikiisha, kushushwa. Buprenofini nayo huguswa. Rifabutini ni mbadala wa kuuliza.

Unakaribia kutoka gerezani: sindano ya buprenofini kabla ya lango, ikiwezekana, na miadi ya mwezi unaofuata iliyoandikwa kwa tarehe. Kama tayari umechomwa naltreksoni, jua siku inayokwisha.

Unasubiri upasuaji: usiache methadoni wala buprenofini kwa kuambiwa tu na mtu wa mapokezi, kwa kawaida huendelea. Naltreksoni ndiyo hupangiwa tarehe ya kusimamishwa.

Bima ni Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo: sheria ya 2018 ilizitaka programu za majimbo kulipia dawa zote 3 kuanzia Oktoba 2020. Wakisema "hatulipii methadoni," omba waandike. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, hulipia kliniki za methadoni tangu Januari 2020.

Kiingereza kinakusumbua: kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kukupa mkalimani bure. Omba wa Kiswahili siku ya kuweka miadi, na usimtumie mtoto wako kutafsiri dozi.

Na kwa njia yoyote utakayoipita, naloksoni ya puani ya miligramu 4, inayomzindua aliyezidiwa na opioidi, inauzwa bila cheti tangu 2023. Iweke mahali ambapo mtu mwingine nyumbani anaweza kuifikia, kwa sababu atakayeihitaji hatakuwa na uwezo wa kuichukua mwenyewe.